Mikia ya Ujiji

Katika duka moja la steshenari hapa Ujiji, ambako watu huja kutoa kopi za vitambulisho, kupigwa picha za pasipoti na kuandikiwa barua za kuomba kazi, niliketi alasiri moja nikingoja hati yangu ichapwe, na kwa kuwa macho yasiyo na shughuli hujitafutia shughuli, yakatua juu ya kioo cha kompyuta ya binti aliyekuwa akinihudumia. Programu aliyoitumia ilikuwa ya kutunza majina ya wateja na kutoa risiti, nayo imetungwa na kijana wa mkoa huu huu wa Kigoma kwa Kiswahili, jambo lililonifurahisha kabla sijaangalia kwa makini. Nilipoangalia kwa makini nikaona kwamba kile kisanduku kinachoandikwa mahali anakotoka mteja kilikuwa kifupi kwenda juu kuliko herufi zilizotiwa ndani yake, kwa kadiri ya unene wa uzi mmoja au nyuzi mbili tu, na kwa upungufu huo mdogo lile jina Ujiji, lenye j mbili ambazo mikia yake hushuka chini ya mstari, lilikuwa limekatwa mikia yote miwili. Ikabaki U kubwa na vijiti vinne vimesimama, kila kimoja na nukta yake kichwani, kana kwamba mji huu wa kale, uliokuwa mwisho wa misafara kutoka Bagamoyo, unaitwa Uiiii.

“Mwanangu,” nikamwambia, “jina la mji wetu limekatwa.”

Binti akainama, akalitazama kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, kisha akanijibu kwa adabu, “Nimeshazoea, babu. Mimi nikiona vijiti vinne najua ni Ujiji.”

Jibu hilo nimekaa nalo siku nyingi, kwa maana ndani yake mna jambo zima ninalotaka kulisema leo. Binti yule si mzembe wala si kipofu. Amefanya kile ambacho kila mtu anayeketi mbele ya kompyuta kutwa nzima hulazimika kukifanya, yaani kuyatwika macho na akili yake kazi ambayo ingalipaswa kufanywa mara moja tu na mtunga programu. Kila anapofika katika kisanduku kile hulirudishia jina mikia yake kwa fikira, na kwa kuwa huifanya kazi hiyo mara mia kwa siku, haihisi tena, kama mchukuzi wa bandarini asiyehisi kwamba bega lake moja limeshuka kuliko jingine.

Ila za namna hii ni nyingi mno, na aghalabu ni ndogo kiasi kwamba mwenye kuzitaja huonekana mtu wa kutafuta makosa. Kitufe kimoja kimekaa juu ya mwenziwe kwa unywele. Maneno “Jina”, “Simu” na “Tarehe” hayakuanza mahali pamoja. Tiki haikukaa katikati ya kisanduku chake. Mstari wa juu wa jedwali ni mzito na wa chini ni mwembamba, ilhali yamkini mchoraji alikusudia ilingane. Waungwana wa Pwani wana neno la jambo hili, nalo ni upogo: kitu hakikuvunjika wala hakikuanguka, ila hakikukaa sawa, na mtu mwenye jicho hawezi kupita bila kukiona.

Mimi nilifundishwa mstari kabla sijafundishwa herufi. Mwalimu wetu wa chuoni hakuturuhusu kuchovya kalamu mpaka tumepiga mistari, na yeye ndiye aliyetusimulia habari za ubao wa mistari waliokuwa wakiutumia wanakili wa zamani katika nchi za Kiislamu: kipande cha karatasi nene au ubao kilichotungwa nyuzi kwa vipimo vilivyo sawa, ambacho mwandishi alikiweka chini ya sahifa tupu akapitisha kidole juu yake, nyuzi zikaacha mifuo hafifu isiyo na wino, na kila herufi ikapata mahali pa kukaa. Ukiikaribia sahifa kama hiyo utaiona mifuo. Ukirudi nyuma hatua moja huioni, huona maandishi tu yaliyotulia. Hapo ndipo ilipo hadhi ya kazi ya kupanga: ikitimia haionekani, ikipungua kidogo yaonekana yenyewe badala ya maneno.

Kioo cha kompyuta nacho kina mifuo yake. Kimegawanyika katika vijiraba vidogo sana viitwavyo pikseli, na kompyuta nyingi za maduka kama lile zina vijiraba 1366 kwenda upande na 768 kwenda chini. Kijiraba ama chawaka kwa rangi moja ama kwa rangi nyingine, wala hakigawanyiki nusu. Hapo mwanzo jambo hilo lilijulikana na kila fundi: Susan Kare, aliyechora alama na herufi za Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alizichora alama hizo kwanza kwenye karatasi ya miraba, 32 kwa 32, akijaza mraba mmoja baada ya mwingine, na hapakuwa na nukta hata moja iliyojiangukia yenyewe bila idhini ya mkono wake. Siku hizi mtunga programu haoni miraba. Huandika hesabu, na hesabu ikaachiwa kompyuta iifasiri.

Na hesabu ina mitego yake. Tuseme mtu amepanga vitu kwa nafasi ya pikseli 5 kila kimoja, kisha mwenye kompyuta, ambaye macho yake yamechoka, akaamuru kila kitu kikuzwe hadi asilimia 125. Tano huwa 6.25. Cha kwanza chakaa penye 0, cha pili penye 6.25, cha tatu penye 12.5, cha nne penye 18.75, cha tano penye 25. Lakini maadamu kijiraba hakigawanyiki, kompyuta hulazimika kuvisogeza vikae penye 0, 6, 13, 19 na 25, na zile nafasi zilizokuwa ndugu sasa ni 6, 7, 6 na 6. Hakuna aliyekosea kuzidisha. Moja imezidi kwa pikseli moja, na jicho la mwanadamu, ambalo huona ukuta uliopinda kabla mwashi hajatoa timazi yake mfukoni, hulijua hilo hata kama mwenye jicho hawezi kusema amejua nini. Ndivyo ilivyokuwa katika duka letu. Binti alikuwa ameikuza kompyuta yake ili apumzishe macho. Herufi zikakua kutoka pikseli 12 hadi 15, bali kisanduku, kilichoandikiwa kimo cha 18 kisichobadilika, hakikukua pamoja nazo, na mahali palipokosekana ndipo mikia ya Ujiji ilipokuwa ikae.

Lakini ukuzaji si chanzo kikubwa kwetu. Chanzo kikubwa ni kwamba fremu nyingi tunazozitumia zilikatwa kwa kipimo cha lugha nyingine. Mshonaji yeyote wa mtaa wa Mwanga hutoa futikamba kwanza, akampima mteja, ndipo akashika mkasi. Programu nyingi zimeshonwa kwanza kwa mwili wa Kiingereza, kisha tukaambiwa tuvae. Save ina herufi 4, Hifadhi ina 7. Undo ina 4, Tendua ina 6. Copy ni 4, Nakili ni 6. Help ni 4, Msaada ni 6. Futa, ambayo ni fupi kuliko mwenziwe wa Kiingereza, ni katika yale machache yanayobaki na nafasi ya kupumua. Mtu aliyepima kitufe kwa neno Save hakudhamiria kutudharau, na pengine hakujua kwamba tupo. Ila kipimo chake kikisafiri hadi Ujiji kikiwa vile vile, neno letu huguswa na kingo pande zote mbili, au hujikunja likashuka mstari wa pili, na kitufe hicho kikashuka chini ya wenziwe.

Yako mabaya zaidi ya hayo, na natamani kila kijana atungaye programu kwa lugha yetu ayafikirie kwa utulivu. Kiswahili hubeba sentensi nzima katika neno moja lisilo na mwanya. Mwingereza husema Not saved, maneno mawili, na mahali pakibana moja hushuka chini ya jingine na maana ikabaki. Sisi husema “Haijahifadhiwa”, herufi 14 bila mahali pa kukunja. Tena tofauti na lugha ya yule Mwingereza, ukanusho wetu haukai peke yake. Umo kichwani mwa kitenzi, umeshikamana nacho. Sasa litie neno hilo katika fremu nyembamba ambayo mchoraji ameamuru maandishi yakae katikati: litazidi kushoto na kulia kwa kadiri moja, likakatwa pande zote mbili, na kinachobaki mbele ya macho ya karani ni “ijahifadhi”, kipande kilichopoteza ukanusho wake, ambacho jicho la haraka husoma “hifadhi” na kumtuliza moyo wakati kazi yake ya asubuhi nzima ingali mashakani. Pikseli arobaini zilizokosekana zimegeuza kinyume habari aliyopewa. Siwezi kuliita jambo hilo pambo.

Hapa Kigoma tunao ushahidi mkubwa, wa chuma, wa kile kinachotokea kipimo kinapoheshimiwa kutoka mbali. Mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli, ile reli iliyofika kwetu mwaka 1914, na mafundi watatu wa karakana ile, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakafuatana nayo kuja kuiunda upya kando ya ziwa. Ikateremshwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, na tangu 1927 jina lake ni Liemba. Nimepata kusimama gatini nikaweka kiganja changu juu ya mabamba yake, nikapapasa safu za vichwa vya ribiti, kila kimoja kikimfuata mwenziwe. Tundu la ribiti lililotobolewa Papenburg lilikuwa sharti likutane na tundu la bamba la pili hapa Kigoma, maelfu ya maili kutoka pale lilipotobolewa, na lau yangalipishana kwa upana wa ukucha ribiti isingalipita na maji yangaliingia.

Yalikutana kwa sababu mabamba yaliyotoka kule ndiyo yaliyofungwa huku. Nasi mambo yetu ya kompyuta yamekuwa kinyume: matundu yametobolewa kwa mabamba ya lugha moja, kisha mabamba yakabadilishwa njiani. Hilo si kosa la wafasiri wetu, ambao ninawastahi sana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, na watu wakaona kwa mara ya kwanza programu nzima ya ofisi ikisema nao kwa Kiswahili. Kazi ya kutafuta na kusanifu istilahi zake ilikuwa kazi adhimu, na maneno kama hariri, bandika na ghairi, ambayo vijana huyabonyeza leo bila kuyafikiria, yamezoeleka kwa bidii ya watu wa namna hiyo. Ila naona kwamba tangu wakati ule mpaka sasa tumelichukulia neno likishafasiriwa kuwa kazi imekwisha. Ni nadra fasiri ikabidhiwe mtu wa kukaa mbele ya kioo na kutazama, dirisha moja baada ya jingine, kama neno limekaa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba katika mkoa ambao mtandao hupotea na umeme hukatika, mzee anayelalamikia mikia ya herufi ameyapita matatizo makubwa akashika madogo. Nalichukua jibu hilo kwa uzito, kwa sababu wanaolitoa ni watu wanaofanya kazi. Lakini nendeni hadi mwalo wa Kibirizi asubuhi, pale dagaa walioanikwa wanapofungwa kwenye magunia, mkamtazame mama anayenunua kwa wavuvi kumi akauza kwa wachuuzi wa mbali, akiwa ameshika risiti iliyotoka katika programu ya mtu fulani. Safu ya fedha imepangwa kuanzia kushoto, kama maneno, badala ya kukomea kulia kama hesabu. Kwa hiyo 45,000 na 450,000 zimeanza mahali pamoja, na makumi hayakai chini ya makumi wala maelfu chini ya maelfu. Tena fonti iliyotumika ni ile ambayo tarakimu zake hazina upana mmoja, 1 ikiwa nyembamba kuliko 8, hata 111,000 yaweza kuonekana haizidi 98,500 kwa urefu. Mama huyo hakusomea uhasibu, ila anajua hesabu yake vizuri. Jicho lake limezoea kwamba kilicho kirefu ni kikubwa, na karatasi ile inamdanganya. Nimemwona mmoja akiweka kidole chini ya kila tarakimu, akisogea taratibu, huku mpagazi akimngoja na boti ikinguruma. Umeme wa uhakika ukija kesho, kidole kile kitaendelea kusogea vile vile mpaka mtu aisogeze safu ile kulia.

Insafu yanipasa niseme pia kwamba kipimo peke yake hakitoshi, na hapa nawageukia wale vijana wenye bidii ambao, wakiisha kuambiwa jambo hili, hushika rula na kudhani wamemaliza. Mchukue mchoraji anayetia pembetatu ya kuanzishia muziki ndani ya duara. Akipima kingo zake, kushoto na kulia sawa, pembetatu itaonekana imeegemea kushoto, kwa sababu uzito wake wote uko upande wa kitako, na ncha ya kulia ni nyembamba haina uzito. Sharti aisogeze kulia mpaka uzito wake ukae katikati, ijapokuwa rula itamwambia amekosea. Rula humfikisha mlangoni, na kutoka hapo jicho lazima litangulie. Na jicho halifundishwi kwa kitabu, hufundishwa kwa kutazama kazi iliyokaa sawa mara nyingi, ukili wa mkeka ulioshonwa hata mshono usionekane, pindo la kanga lililokutana pembeni.

Wachapaji wa nchi za Magharibi wana maneno yao maalumu wanayoyatumia kuijaribu fonti mpya, yaliyochaguliwa kwa sababu ya maumbo ya herufi zake. Nasi yatufaa tuwe na yetu, na sioni haja ya kuyatafuta mbali. Kwa kimo, tutumie Ujiji: ina herufi kubwa mwanzoni, mikia miwili ya kushuka, na nukta nne za kupanda, hata fremu iliyo fupi juu au chini itajifichua mara moja. Kwa upana, tutumie Mwamgongo, kile kijiji cha kando ya ziwa kaskazini ya Kigoma, ambacho jina lake limejaa herufi nene, M na w na m zikikaribiana, na lina mikia ya g juu ya hayo. Kwa ukanusho, Haijahifadhiwa. Mtunga programu wa Kiswahili akiyaandika matatu hayo katika kila kisanduku, kila kitufe na kila safu kabla hajaikabidhi kazi yake kwa mtu, kisha akaikuza kompyuta hadi 125 na 150 akatazama tena, zitampotea dakika ishirini, na zitaokoka saa nyingi za akina binti wa steshenari.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye duka lile, na kwa bahati njema nikamkuta kijana mwenyewe aliyetunga programu, kwa kuwa binti alikuwa amempigia simu akamweleza habari za babu na mikia. Alinipa shikamoo, akavuta kiti, akafungua maandishi yake ya ndani, na nikamwona akiitafuta ile 18 mpaka akaipata, akaifuta, akaandika badala yake amri ya kwamba kisanduku kichukue kimo chake kutoka katika herufi zenyewe. Akaanzisha upya. Jina likatokea, Ujiji, na mikia yake miwili imeshuka kwa raha chini ya mstari. Binti akasema, “Kumbe!” Lakini kisanduku kilipopanda kimo kikasukuma cha “Simu” kilichokuwa jirani yake, kikashuka kidogo, kijana akakiona kabla sijanyoosha kidole, akavifunga vyote viwili kwenye mstari mmoja wa kukalia herufi, vikatulia.

Nikamwomba aandike Mwamgongo. Kwenye kioo likakaa vyema. Akatoa risiti ya kujaribia, karatasi ikatoka kwenye mashine ikijikunja kwa joto, akaikunjua mezani kwa viganja viwili: o ya mwisho ilikuwa imeanguka mstari wa pili, peke yake, na kiasi cha fedha kilichopaswa kuwa mbele ya jina kimeshuka nayo, kikakaa mbele ya jina la mteja mwingine. Kijana aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza binti kama duka linafungwa saa ngapi, akarudi kwenye kiti.